Sura ya Sita: Afisa Mauzo Aliye Chini ya Mpango wa Kuboresha Utendaji

Mpango wa kuboresha utendaji, ambao katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hujulikana zaidi kwa herufi zake tatu za PIP, ni waraka ambamo mwajiri humweleza mfanyakazi kiwango cha kazi ambacho hajakifikia, humpangia muda wa kukifikia, mara nyingi kati ya siku 30 na 90, na humtajia litakalofuata asipokifikia, ikiwemo kuachishwa kazi. Waraka huu hutumika katika idara zote, lakini katika idara ya mauzo una uzito wa pekee, kwa sababu huko utendaji hupimwa kwa takwimu ambayo kila mmoja huiona kwenye kundi la WhatsApp la timu jioni, na takwimu hiyo huchukuliwa kuwa ushahidi usiohitaji shahidi wa pili. Mhasibu aliyewekwa kwenye mpango anaweza kubishania ubora wa taarifa zake, ilhali afisa mauzo aliyefikisha asilimia 48 ya lengo la robo mwaka huonekana hana la kubishania. Hoja ya sura hii ni kwamba analo, na kwamba kubaki kwake kazini, au angalau kuondoka kwake na haki zake zote, hutegemea sana namna anavyoishughulikia takwimu hiyo katika wiki za mwanzo za mpango: si kwa kuikana, bali kwa kuonyesha ni matunda ya kazi ya lini na imesababishwa na nini.

Lengo la mauzo lilikotoka

Desturi ya kumgawia kila muuzaji eneo na kiwango cha kufikisha haikuanzia kwenye mabenki wala kwenye kampuni za simu. Miongoni mwa walioijenga ni John Henry Patterson, aliyeiongoza kampuni ya National Cash Register ya mjini Dayton, jimbo la Ohio, tangu mwaka 1884, na ambaye aliuza mashine za kuhesabia fedha za madukani kupitia wauzaji waliokaririshwa maelezo ya mauzo, waliowekewa mipaka ya eneo, na waliopewa kiwango cha kutimiza ndani ya mipaka hiyo. La kuzingatia hapo ni kwamba kiwango kilifungamana na eneo. Waajiri wengi wa leo wamerithi kiwango wakaliacha eneo, hivyo hulichukua lengo la taifa zima na kuligawa kwa idadi ya maafisa, kana kwamba Kariakoo na Nachingwea ni soko moja.

Mzizi wa pili ni upangaji wa lazima, yaani utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa kulinganishwa wao kwa wao badala ya kulinganishwa na kiwango cha kazi. Jack Welch, aliyeiongoza General Electric kati ya mwaka 1981 na 2001, aliueneza utaratibu huo kwa mgawanyo wa asilimia 20 ya juu, asilimia 70 ya kati na asilimia 10 ya chini, na wale wa chini walitarajiwa kuondoka. Kampuni kadhaa kubwa zimeuacha, Microsoft ikiwa mojawapo mwaka 2013, lakini mabaki yake yamo katika mipango mingi ya kuboresha utendaji, hasa pale afisa anapotakiwa ndani ya miezi miwili awe miongoni mwa wauzaji watano bora wa kanda. Sharti la namna hiyo halimpi mtu kazi ya kufanya, kwa kuwa kutimia kwake kunategemea wenzake wauze kidogo, na afisa anayelikuta katika waraka wake ana kila sababu ya kuomba libadilishwe kuwa kiwango kinachojitegemea kabla hajatia saini.

Takwimu inayofika ikiwa imechelewa

Mauzo yana kipindi chake, maana yake muda unaopita tangu muuzaji anapozungumza na mteja mara ya kwanza hadi fedha inapoingia au mkataba unaposainiwa. Muuza soda anayezunguka na gari la usambazaji ana kipindi cha dakika chache. Afisa wa benki anayeuza mikopo kwa watumishi wa umma ana kipindi cha wiki kadhaa, kwa sababu mteja lazima alete hati ya mshahara, mwajiri wake athibitishe makato, na idara ya mikopo ipitie faili lote. Anayeuza bima ya afya kwa makampuni ana kipindi ambacho hakiko mikononi mwake kabisa, kwani mikataba hiyo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja mmoja na mteja huhama bima pale tu mkataba alionao unapokaribia kwisha. Vivyo hivyo kwa anayeuza kwa taasisi za serikali, ambazo katika Kenya, Uganda na Tanzania huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai na hufanya ununuzi kwa kufuata bajeti iliyokwisha kupitishwa.

Kutokana na hayo, mpango wa siku 60 unaotolewa mwezi Februari kwa afisa ambaye wateja wake wengi wana mikataba inayokwisha Juni na Desemba haupimi kuboreka kwake. Unapima yaliyomo tayari kwenye orodha yake ya wateja watarajiwa, yaani yale aliyoyapanda au aliyoacha kuyapanda mwaka uliotangulia. Anaweza kufanya kila kitu sawasawa kuanzia asubuhi ya siku ya kwanza hadi jioni ya siku ya 60 na bado jedwali likaonyesha sifuri. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mipango ya idara za mauzo, na mara nyingi halitokani na hila. Meneja aliyeandika waraka huo ametumia fomu ya idara ya rasilimali watu inayofanana kwa wote, na hakuna aliyekaa akalinganisha urefu wa mpango na urefu wa kipindi cha mauzo.

Majira nayo yana nafasi yake. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi fedha nyingi za wakulima huingia msimu wa minada ya korosho, unaoanza Oktoba, na duka la pembejeo, wakala wa bima ya pikipiki na afisa wa benki wote huuza kwa kufuata mapigo hayo. Kumpima afisa wa Masasi mwezi Aprili kwa takwimu za Novemba ni kumpima kwa mvua ambayo haijanyesha.

Njia ya kuliingiza suala hili katika waraka ni kuomba kwamba, pamoja na matokeo ya mwisho, vipimwe pia viashiria vya awali, yaani hatua za kazi ambazo hutangulia mauzo na ambazo afisa anazimiliki mwenyewe: wateja wapya aliozungumza nao, vikao vilivyofanyika, maombi yaliyowasilishwa, bei zilizotumwa. Hesabu yake si ngumu. Tuchukue afisa wa mikopo anayetakiwa kufikisha mikopo 40 kwa mwezi, na ambaye kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba katika kila watu watano anaozungumza nao mmoja hujaza maombi, na katika kila maombi matatu mawili hupitishwa. Ili apate mikopo 40 anahitaji maombi 60, na ili apate maombi 60 anahitaji mazungumzo 300, ambayo kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni takriban 14 kwa siku. Hesabu hiyo fupi humwambia mengi kuliko karipio lolote. Ikiwa daftari lake lina mazungumzo sita kwa siku, tatizo ni wingi wa kazi, na dawa yake ni kutembea zaidi na kupunguza saa za kukaa ofisini. Ikiwa lina 14 lakini maombi ni machache, tatizo ni namna anavyozungumza au watu anaowachagua, na hapo anachohitaji ni kufundishwa, pengine kwa kufuatana na mwenzake anayeuza vizuri kwa siku mbili tatu. Na ikiwa maombi 60 yamefika lakini yaliyopita ni 20 tu, swali linahamia idara ya mikopo, au kwenye soko lenyewe.

Mfano wa soko lenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa huonyesha jinsi sababu halisi inavyoweza kufichwa na asilimia. Nchini Kenya kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinazuia makato yote ya mshahara kuzidi theluthi mbili, na watumishi wa umma nchini Tanzania nao wanabanwa na kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara. Afisa aliyepangiwa wilaya ambako walimu wengi wamekwisha kukopa hadi kwenye mpaka huo hukutana na wateja wanaomkaribisha vizuri, wanaotaka mkopo kwa dhati, na wasioweza kupewa. Maombi yao hurudi kila wiki yakiwa na sababu ileile. Afisa mwenye busara hukusanya sababu hizo za kukataliwa moja baada ya nyingine, na anapofika kwenye kikao na orodha ya maombi 23 yaliyorudishwa kwa sababu ya theluthi moja, mazungumzo huacha kuhusu juhudi zake na kuanza kuhusu eneo lake, jambo ambalo meneja anaweza kulitatua kwa kumgawia shule au halmashauri nyingine.

Sheria inavyouangalia mpango

Wafanyakazi wengi huuchukulia mpango kama hukumu iliyokwisha kuandikwa, na wengine hudhani ni hisani ya mwajiri. Kisheria si hivi wala vile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe kwamba ana sababu halali na kwamba amefuata utaratibu wa haki, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007 zinaeleza maana ya haki hiyo pale sababu inapokuwa utendaji duni. Huulizwa iwapo kweli mfanyakazi alishindwa kufikia kiwango; iwapo alikijua kiwango hicho, au ilitarajiwa akijue; iwapo kiwango chenyewe ni cha kuridhisha; kwa nini alishindwa; na iwapo alipewa nafasi ya haki ya kujirekebisha. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu za udhaifu, atoe mwongozo au mafunzo yanapohitajika, na atoe muda unaolingana na aina ya kazi na rekodi ya mhusika. Kabla ya uamuzi wa mwisho hufanyika kikao, na mfanyakazi ana haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wakuu wa ngazi za juu, ambao uzoefu wao unawawezesha kujipima wenyewe, wanaweza kunyimwa nafasi hiyo ya kujirekebisha, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita hayumo katika ulinzi wa masharti ya kuachishwa isivyo haki.

Nchini Kenya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa na mbele ya mwenzake aliyemchagua, kwamba anakusudia kumwachisha kwa utendaji duni, na amsikilize kabla ya kuamua. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya nchi hiyo imekuwa ikimdai mwajiri aonyeshe kwamba alikuwa na utaratibu wa kupima utendaji, na kwamba aliutumia.

Ukiyasoma masharti hayo kwa jicho la muuzaji, utaona kwamba swali la kiwango cha kuridhisha na swali la sababu ya kushindwa ndiyo hasa yanayohusu kipindi cha mauzo, majira na eneo. Ndiyo maana maandishi ya siku za mwanzo yana thamani kubwa. Afisa anayepewa waraka hana haja ya kukataa kuusaini, kwa kuwa kukataa kwenyewe huweza kuelezwa kama ukaidi. Anaweza kusaini kwamba ameupokea na kuambatisha maoni yake. Na baada ya kila kikao cha wiki hutosha barua pepe ya mistari michache, ya adabu na isiyo na malalamiko: “Ndugu Meneja, kufuatia kikao chetu cha leo, nimeelewa kwamba wiki hii nitawasilisha maombi 15 na kwamba ofisi itanipatia orodha ya watumishi wapya wa halmashauri kufikia Jumatano. Kama nimekosea popote, naomba unisahihishe.” Barua kama hiyo humsaidia meneja mwema kukumbuka ahadi yake, na humzuia asiye mwema kudai baadaye kwamba orodha ilitolewa.

Jicho la meneja

Mwaka 1998 Jean-François Manzoni na Jean-Louis Barsoux, wa shule ya biashara ya INSEAD nchini Ufaransa, walieleza mzunguko ambao yeyote aliyewahi kuwa chini ya mpango ataukumbuka. Meneja, kwa sababu kubwa au ndogo, huanza kumhesabu mtu kuwa dhaifu, na kwa nia ya kumsaidia huongeza ukaguzi, maswali na maelekezo. Mfanyakazi huona kwamba haaminiwi, hupunguza kujituma, huacha kutoa mawazo, huficha matatizo mpaka yakomae. Na meneja, akiyaona hayo, huthibitisha alichokuwa akikiamini. Kwa muuzaji mzunguko huu una madhara ya ziada, kwani hofu yake humfikia mteja. Anayehitaji sana kuuza leo hupunguza bei haraka, humpigia mteja mara nne kwa siku, hukubali masharti ambayo idara ya mikopo itayakataa, na hivyo huharibu hata yale mauzo ambayo yangekuja yenyewe.

Kuuvunja mzunguko huo kutoka chini si rahisi, na itakuwa ni kudanganya kusema kwamba kila meneja yuko tayari kubadili mawazo. Kinachowezekana ni kumpelekea taarifa kabla hajaiuliza, hasa taarifa mbaya. Afisa anayeandika Jumatatu kwamba mteja mkubwa ameahirisha hadi mwezi ujao, na kwamba sasa anawafuata wengine watatu, humpunguzia meneja sababu ya kumpigia simu saa kumi na moja jioni.

Kuna pia suala la namna mtu anavyojieleza mwenyewe kushindwa kwake. Martin Seligman na Peter Schulman, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1986 kuhusu mawakala wa bima ya maisha nchini Marekani, waligundua kwamba waliozoea kuyaeleza mabaya yaliyowapata kama ya muda na yenye sababu maalumu waliuza asilimia 37 zaidi, katika miaka miwili ya mwanzo, kuliko waliozoea kuyaeleza kama ya kudumu na yanayotokana na upungufu wao. Matokeo hayo yametumiwa mno na wahamasishaji, wanaoyageuza kuwa wito wa kutabasamu. Maana yake ni ya kawaida zaidi: kati ya kusema “sina kipaji cha kuuza” na kusema “wiki hii nimezungumza na watu waliokwisha kufika theluthi moja”, kauli ya pili ina jambo la kufanyiwa kazi kesho asubuhi.

Vishawishi, na mlango wa kutokea

Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart alitoa hoja, iliyofupishwa baadaye na mwanaanthropolojia Marilyn Strathern mwaka 1997, kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa lengo huacha kuwa kipimo kizuri. Ushahidi wake mashuhuri katika mauzo ni benki ya Wells Fargo ya Marekani, ambayo mwaka 2016 ilitozwa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi waliobanwa na malengo walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Takriban 5,300 kati yao walikuwa wamefukuzwa kazi. Afrika Mashariki vishawishi ni vya kiwango kidogo lakini vya jamii moja: wakala humlipia mteja bima ya mwezi wa kwanza kutoka mfukoni mwake, afisa huandikisha laini za simu kwa alama za vidole za watu wasiojua, mwenye duka rafiki huombwa achukue katoni ambazo atazirudisha tarehe 2 ya mwezi unaofuata. Aliye chini ya mpango hushawishika zaidi ya wengine, na ndiye asiyepaswa kabisa kuthubutu, kwa kuwa udanganyifu huligeuza suala la utendaji kuwa la nidhamu, ambalo halimdai mwajiri muda wa kumrekebisha mtu, na wakati mwingine hulifikisha polisi.

Nyumbani, kishawishi ni cha kuficha. Kamisheni ikikatika, mshahara wa msingi hautoshi kodi na ada, na wengi hukimbilia mikopo ya kausha damu ili mwenza asijue. Kumwambia mwenza mapema kuna faida moja ya wazi, kwamba bajeti hupunguzwa na watu wawili kabla deni halijaanza kuzaa.

Kutafuta kazi nyingine wakati mpango unaendelea si usaliti, na ni hekima kuanza mapema, kwa sababu maombi ya kazi nayo yana kipindi chake. Kinachohitaji kufikiriwa mara mbili ni barua ya kujiuzulu, ambayo baadhi ya mameneja huipendekeza kwa upole kama njia ya kulinda jina. Nchini Tanzania kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hulipwa pale mwajiri anapoikatisha ajira ya mtu aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi, si pale mfanyakazi anapoondoka kwa hiari. Anayeombwa ajiuzulu ana haki ya kuuliza atapewa nini badala yake, na jibu liandikwe. Aliyeachishwa na anayeamini kwamba hakutendewa haki anatakiwa kulipeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, muda ambao wengi huumaliza wakisubiri kuitwa tena na ofisi. Kenya muda wa kufungua madai ni miaka mitatu.

Na kwa wale wanaofaulu, ambao ni wengi zaidi ya inavyosemwa kwenye korido, kunabaki jambo dogo ambalo husahaulika katika furaha ya mwezi wa mwisho: kuomba barua ya kufunga mpango. Bila barua hiyo waraka hubaki kwenye faili ukiwa wazi, meneja mpya anayekuja baada ya miezi mitano huukuta, na robo mwaka ya kwanza yenye mauzo hafifu husomwa kama mwendelezo wa ule wa zamani.